Nguo ya Rangi ya Papai

"Hivi hiyo nyeusi utaivua lini, dada?"

Aliyeuliza ni Mama Nasibu, siku moja walipokuwa wakianika nguo juu ya paa la jengo lao pale Point, mjini Durban. Mama Nasibu ni mtu wa Tanga, mjane naye, na hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anakamua shuka huku akimtazama jirani yake Gracieuse, aliyevaa gauni refu jeusi na kitambaa cheusi kichwani katika jua lile.

"Sisi eda ina mwisho wake," akasema. "Unaingia, unatoka, unashika mambo yako. Yenu inaishia wapi?"

"Wakisema," Gracieuse akajibu.

"Wakisema akina nani?"

"Wa upande wa bwana."

Mama Nasibu akabana kibanio cha nguo midomoni, akaendelea kuanika. Lakini Gracieuse alishuka ngazi na swali lile kichwani, na halikumtoka tena.

Katika ukoo wa marehemu mumewe Josias, watu wa Uvira kule Kongo, mjane havui nyeusi mwenyewe. Anavuliwa. Mkubwa wa ukoo anaita watu, wanaomba, wanamwosha kichwa kwa maji, wanakula, na mjane anaachiliwa mbele ya macho ya wote. Hapa Durban mkubwa alikuwa mmoja tu, Ildephonse, kaka yake Josias, dereva wa lori la makontena bandarini. Mwaka ulipotimia Ildephonse alisema tumngoje tonton wa Kalemie, mzee wa ukoo kule nyumbani, atume neno. Pasaka ikafika, akasema njia za kule ni mbaya, neno halijafika. Pasaka ikapita, akasema tutaona.

Gracieuse hakugombana naye. Wenzake wa saluni walimwambia avae anavyotaka, hapa ni Afrika Kusini, nani atamfunga? Hawakumwelewa. Yeye hakutaka kutoroka matanga. Alimpenda Josias, na alitaka kutoka kwenye matanga yake kama alivyoingia kwenye ndoa yake, mbele ya watu, kwa maombi, na mkono wa ndugu za mumewe juu yake. Zaidi ya hapo alitaka kurudi kwaya. Alikuwa sauti ya kwanza kanisani, na tangu maziko alikaa benchi la nyuma akifumba mdomo wakati wenzake wanaimba. Kila asubuhi alimwomba Mungu kitu kimoja: amalize vizuri.

Sasa, mwezi wa saba, patronne wake Marie-Claire, mwenye saluni, akasimama katikati ya saluni na kitana mkononi.

"Jumatatu tunafunga. Tunaenda kwenye neige."

"Theluji ya wapi?" akauliza Clara, binti msusi, bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa anasuka. "Hapa Durban hata sweta watu wanavaa ya kujionyesha."

Marie-Claire akaeleza. Kuna mteja wake anayeendesha gari la watalii, na gari lina viti vitupu. Kule juu, mbele ya Underberg, iko shamba moja kwenye mteremko wa mlima. Theluji ikianguka kidogo wanaiongezea kwa mashine, wanakodisha mbao za kutelezea na wanafundisha wasiojua. Kwenda asubuhi, kurudi jioni.

"Mie niko kwenye deuil, patronne, matanga hayajaisha," Gracieuse akasema.

"Deuil inakataza baridi?"

"Inakataza furaha."

"Basi uende usikie baridi tu. Furaha utatuachia sisi."

Saluni yote ikacheka, na Gracieuse naye akatabasamu. Lakini hakukubali mpaka alipompigia simu Ildephonse. Injini ya lori ilikuwa ikinguruma nyuma ya sauti ya shemeji yake.

"Kutembea si dhambi," akasema. "Ila usisahau wewe ni nani."

Waliondoka alfajiri. Mji ukabaki nyuma na robot zake, zile taa za njia panda, na baada ya Maritzburg ukungu ukaja barabarani wakawa wanaona taa za malori tu. Ukungu ulipofunguka, nyasi zilikuwa kavu zenye rangi ya ngozi ya simba, na umande umeganda juu yake kama chumvi. Kisha mlima ukatokea mbele yao, kichwa cheupe.

"Kama keki ya harusi," Clara akasema.

Gracieuse alimkumbuka Josias. Josias alikulia Uvira, mahali ambapo milima imesimama nyuma ya nyumba kama watu wanaokuchungulia, na alipofika Durban alisema shingo yake imepata likizo, hakuna tena cha kuinulia macho. Angesemaje leo, mkewe analipa nauli kwenda kuutafuta mlima?

Kwenye banda la kukodisha nguo dada mmoja wa Kizulu aliwapima kwa macho na kuwatupia kila mtu suti yake, suruali na koti vimeshonwa pamoja. Marie-Claire akapata ya buluu. Clara akapata ya pinki. Gracieuse akapewa yenye rangi ya papai lililoiva, la kukatwa leo.

Akaishika mbali na mwili wake. "Iko nyeusi?"

"Hapana, mama. Nyeusi wala nyeupe hatuna. Ukungu ukishuka lazima tuwaone."

"Na ya rangi ya udongo?"

"Mama, ni hii au ukae kwenye gari."

"Si unavaa juu tu," Marie-Claire akamnong'oneza. "Deuil yako inabaki ndani. Nani amekuambia uivue?"

Hilo Gracieuse aliliona kuwa neno la busara. Akaingia nyuma ya pazia, na gauni lake jeusi, refu mpaka kwenye kifundo cha mguu, akalikunja lote na kulisukuma ndani ya ile suruali, nusu kiunoni, nusu mapajani. Kitambaa cha kichwa akakifunika kwa kofia ngumu ya plastiki. Alipotoka, Clara alishika ukuta.

"Yaya Gracieuse, dada yangu, umebeba mimba mbele, nyuma na kwenye magoti."

"Nyamaza wewe. Iko ndani, na Mungu anaiona."

Mwalimu wao alikuwa kijana Msotho mwenye mashavu yaliyochomwa na baridi. Aliwafunga viatu vigumu kama mtungi, akawafunga na zile mbao, akawaonyesha namna ya kusimama. Ncha za mbele zikaribiane, visigino viachane, ndipo mbao zinakwaruza theluji na mtu anapunguza mwendo. Ukitaka kusimama kabisa, sukuma visigino mbali zaidi. Hakuna jambo lingine la kujua siku ya kwanza, alisema.

Mteremko wenyewe haukuwa mkali. Watoto wa Kihindi kutoka Chatsworth walikuwa wanashuka wakila biskuti. Marie-Claire akashuka, akaketi katikati kama mtu aliyechoka sokoni, akatangaza kwamba inatosha, yeye anakwenda kunywa chokoleti ya moto. Clara akashuka akipiga kelele mpaka chini na akasimama. Gracieuse akajaribu kuachanisha visigino, navyo vikakataa. Gauni lilikuwa limejaa magotini. Miguu ilibaki pamoja kama ya mtu anayesimama kwenye foleni, mbao zikalala sawa, na yeye akaenda moja kwa moja bila kuweza kufanya lolote hadi kwenye wavu wa chini. Wavu ukampokea.

Mwalimu akamwinua. Akapanda tena kwenye ule mkanda unaosogea, akashuka tena, wavu ukampokea tena. Mara nyingine alianguka kabla ya kufika. Kila akianguka, theluji ilipenya kwenye zipu iliyoachia kwa kujaa gauni, ikayeyuka ndani, na lile gauni likainywa. Muda si muda alikuwa amebeba ndoo ya maji ya barafu kati ya ngozi yake na suti, na meno yalikuwa yanagongana.

"Mama," mwalimu akasema kwa upole, "ndani umevaa nini?"

"Nguo yangu."

"Imelowa. Ivue, au ukakae kwenye gari upate joto. Ukibaki hivi utaugua."

Gari lilikuwa pale pale, karibu na lango. Clara alikuwa na suti ya mazoezi ya ziada kwenye mfuko, akaileta bila kuombwa, akamsindikiza Gracieuse mpaka mlango wa choo cha wanawake, akampa na kubaki nje.

Ndani kulikuwa na kioo, na kwenye kioo mwanamke wa rangi ya papai mwenye midomo ya kijivu. Gracieuse alisimama hapo muda. Angeweza kwenda garini. Gari lilikuwa na kipasha joto, gauni lingekauka mwilini, na jioni angefika Point bila lawama ya mtu yeyote. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akafumba macho.

"Bwana," akasema, "si kwa dharau."

Akavua. Alilikamua gauni kwenye sinki, na maji yaliyotoka yalikuwa na wino, yakachora mistari myeusi kwenye ule weupe mpaka akayafuata kwa kidole na kuyaosha. Akavaa nguo za Clara, akavaa suti juu, akarudi kwenye mteremko.

Safari hii visigino vilitii. Mbao zikakwaruza, mwendo ukapungua, ukaongezeka kidogo, ukapungua tena, na yeye ndiye aliyekuwa anaupunguza na kuuongeza. Upepo ulimpiga usoni, safi, hauna harufu ya kitu chochote. Akamsikia mwanamke anacheka karibu naye, kicheko kikubwa cha tumboni. Alikuwa amefika nusu ya njia kabla hajatambua kwamba ni yeye. Chini kabisa alisimama mwenyewe, hatua chache kabla ya wavu, mikono imetandazwa, mdomo wazi.

Hapo ndipo Clara alipompiga picha.

Jioni, kabla ya kupanda gari, alilivaa tena gauni lake kule chooni, likiwa na unyevu. Njiani Clara alilala. Lakini kabla ya kulala alikuwa ameiweka ile picha kwenye status yake, kwa kuwa ilikuwa nzuri, na kwa kuwa ana umri wa kuweka picha nzuri mahali watu wanaona. Mtu akaichukua akaipeleka kwenye grupu la familia ya Josias. Asubuhi yake Gracieuse akapata ujumbe wa Ildephonse: Jumapili ukitoka kanisani uje kwangu.

Ildephonse anakaa Bluff, nyumba ndogo juu ya kilima, ukisimama dirishani unaona meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini. Gracieuse alikwenda na Marie-Claire, maana mtu haendi kwenye jambo kama hilo peke yake. Walimkuta Ildephonse amevaa suti yake ya kanisani, na pembeni yake tantine Ninahazwe, dada wa baba yao, mama mzee aliyeletwa Durban na watoto wake. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa, jagi la maji na beseni la kunawia kando yake. Hakuna aliyekigusa.

Ildephonse akaweka simu mezani, akaisukuma kwa kidole.

"Huyu ni nani?"

"Ni miye, shemeji."

"Deuil ya ndugu yangu iko wapi hapa?"

Kabla Gracieuse hajafungua mdomo, Marie-Claire akasogeza kiti.

"Papa Ildephonse, iko ndani," akasema. "Zile ni nguo za kukodi, mtu anavaa juu ya zake. Aliomba nyeusi, wakasema hakuna. Mimi mwenyewe nilimwona alivyochomeka robe, gauni lote, ndani ya suruali, mpaka akawa kama gunia. Tulimcheka. Naapa mbele ya Mungu, hakuivua."

Marie-Claire hakuwa anadanganya. Gauni lilipovuliwa yeye alikuwa kwenye chokoleti yake, na Clara hakumwambia kitu.

Uso wa Ildephonse ukalegea. Akaichukua simu akaitazama tena, akaonekana kama mtu aliyeambiwa kwamba aliyegongwa barabarani si ndugu yake.

"Ah," akasema. "Basi kama ilikuwa ndani, ilikuwa ndani."

"Hakuna neno," akasema tantine. "Tule, chakula kinapoa."

"Nilikuwa nimekasirika bure." Ildephonse alijikuna shingo, akamgeukia Gracieuse, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko alivyoisikia tangu maziko. "Belle-sœur, shemeji yangu, umevumilia. Nilikuwa nafikiri mwezi wa nane, Jumamosi moja, tuite watu tumalize. Unasemaje?"

Ndilo jambo alilokuwa analiomba kila asubuhi, limewekwa mezani pamoja na chakula, na hakutakiwa hata kusema uongo ili alipokee. Alitakiwa kunyamaza tu. Gracieuse alitazama mikono yake. Alijiona mbele ya kanisa mwezi wa nane, anavuliwa, anabarikiwa, anarudishwa sauti ya kwanza, na yeye peke yake anajua. Aliona kwamba hataweza kufungua mdomo huo na kuimba.

"Shemeji," akasema, "nilivua."

Marie-Claire akamgusa mguu chini ya meza.

"Mwanzoni ilikuwa ndani, ni kweli, patronne hakudanganya. Kisha ikalowa. Mwalimu akasema nivue au nikae garini. Ningeweza kukaa garini." Akavuta pumzi. "Nilivua kwa sababu nilitaka kushuka tena."

"Ulitaka."

"Nilitaka."

Ildephonse akageuza simu kifudifudi. "Basi mwezi wa nane haiko tena. Mjane akijivua mwenyewe, anaanza upya. Ndivyo ilivyo kwetu."

"Kwetu wapi?" Ni tantine Ninahazwe aliyesema, taratibu, akiendelea kukunja kitambaa cha meza. "Mimi nimezika mabwana wawili katika hiyo kwetu yako. Mwanamke aliyelowa anavua, anaomba msamaha, wanamsamehe. Na tukiwa tunasema kweli leo, tuseme yote. Tonton wa Kalemie alishakubali siku nyingi. Miye ndiye nilishika simu. Wewe ndiye unakuja na hizo habari za njia mbaya."

Meli moja ilipiga honi huko chini. Ildephonse aliigeuza simu tena, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, vidole vinene vya mtu wa usukani, akaitazama sura ya shemeji yake iliyofunguka kwa kicheko.

"Josias hakuacha mtoto," akasema, kama anaongea na picha. "Nikipita mjini na lori, nikaona ile nyeusi kwa mbali inavuka barabara, najua ndugu yangu alikuwa na nyumba hapa. Ukivua nitaona nini?"

Muda wote ule Gracieuse alimwona mtu huyu kama lango lenye kufuli, na hakuwahi kufikiri kwamba naye amefungiwa ndani.

"Sijui, shemeji. Nitakwambia tu ile nilijua kule. Nilipokuwa nashuka sikumkumbuka. Kutoka juu mpaka chini, sikumkumbuka hata kidogo, na sitakudanganya. Kisha nikasimama. Na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia kwamba nimesimama mwenyewe alikuwa yeye."

Marie-Claire alijifuta pua kwa leso ya karatasi.

"Ulianguka sana?" akauliza Ildephonse.

"Sana."

"Angekucheka."

"Wiki nzima. Angewaambia na watu wa bandarini."

Kitu kilisogea kwenye mashavu ya Ildephonse, kikakaribia kuwa cheko, kikarudi. Akasimama. Akachukua lile jagi na lile beseni, akaja upande wa Gracieuse, na Gracieuse akanyoosha mikono akidhani ni kunawa chakula kiliwe. Maji yakamwagwa juu ya mikono yake. Kisha Ildephonse akalowesha kiganja chake mwenyewe, akafungua fundo la kitambaa cheusi kichwani mwake, akakitoa, na kupitisha kile kiganja chenye maji juu ya nywele zake, kutoka utosini mpaka kisogoni.

"Ildephonse," tantine akasema kwa sauti ndogo, "kuachilia mjane kunafanywa na watu. Kunafanywa na mchungaji, na nyama."

Ildephonse akalowesha kiganja tena. Akarudia mara nyingine, maji yakamchuruzika Gracieuse shingoni hadi kwenye kola ya gauni, naye akafumba macho akakaa wima kama anayepigwa picha ya harusi. Midomo ya shemeji yake ilikuwa inasogea bila sauti. Alikuwa anaomba, au anamwambia mtu kitu.

Kisha akaweka jagi mezani, pembeni ya chakula. Akakunja kile kitambaa mara mbili, akakitia mfuko wa ndani wa koti lake, upande wa moyo, akachukua kofia yake mlangoni, akatoka nyumbani kwake mwenyewe.